Sultani asiye na Mwandishi: Ruhinda wa Karagwe na Kizazi Chake

Misafara ya pwani ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo na kupita Unyanyembe kufuata pembe za ndovu, ilikuwa na neno moja kwa kila mtawala iliyemkuta njiani. Awe na vijiji viwili au awe na nchi ya mwendo wa siku kumi, alikuwa ni "sultani". Wasafiri wa Kizungu walilichukua neno hilo vinywani mwa wapagazi wao wakaliandika vitabuni. Ndivyo cheo kilichozaliwa katika Uarabu na kukuzwa na Waturuki kilivyofika katika vilima vya Karagwe, kikavikwa watu ambao wenyewe walijiita *abakama*.

Wanahistoria wa kale humtaja Mahmud wa Ghazna, aliyefariki mwaka 1030, kuwa miongoni mwa watawala wa mwanzo kabisa kuitwa sultani. Mahmud alikuwa Mturuki, na babake, Sebuktigin, aliingia katika utumishi wa kijeshi akiwa mtumwa. Mtoto huyo wa mtumwa alikuja kutawala Khurasani na kuivamia Bara Hindi mara kwa mara, na Firdausi akamtunukia Shahnama, utenzi wa beti elfu nyingi uliokamilika mwaka 1010. Miaka 41 baada ya kifo chake, sultani mwengine wa Kituruki, Alp Arslan wa Waseljuki, alimshinda na kumteka mfalme wa Warumi wa Mashariki huko Malazgirti, mwaka 1071. Wote wawili walitokana na watu wa malisho na farasi, na wote wawili walikuwa na waandishi. Kila vita kina mwaka wake, kila mji uliotekwa una jina lake, na hata zawadi alizogawa sultani zimehesabiwa.

Karagwe nayo ina mtekaji wake, naye ni Ruhinda. Lakini Ruhinda hakuwa na Firdausi.

Nchi yake ya asili ndiyo leo wilaya mbili za mkoa wa Kagera, Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Ni nchi ya migongo mirefu ya vilima vya nyasi, mabonde ya migomba, na maziwa madogo yaliyojificha upande wa machweo. Mto Kagera unaizunguka magharibi na kaskazini mfano wa mkono uliokumbatia. Ng'ambo moja ni Rwanda, ng'ambo ya pili Uganda. Wenyeji ni Wanyambo na lugha yao ni Runyambo. Mpwani atakayetega sikio atayatambua maneno mengi bila mkalimani, maana ni ndugu wa maneno yake mwenyewe.

Masimulizi ya kale yasema kwamba kabla ya Ruhinda alitawala Nono, wa ukoo wa Basiita. Ruhinda akaja na ng'ombe wake, utawala ukatoka katika mikono ya Basiita ukaingia katika mikono ya Wahinda, na humo ukakaa hadi karne ya 20. Wanahistoria, kwa kuhesabu vizazi vya wafalme, wanamweka Ruhinda katika karne ya 15 au ya 16, yaani katika zama ambazo Waothmani, warithi wa Waseljuki, walikuwa wakiuzingira na kuuteka mji wa Konstantinopoli. Watawala wa Ihangiro, wa Kyamutwara, wa Uzinza na wa Nkore, wote wamejinasibisha naye. Huko Nkore yasimuliwa kuwa babake alikuwa Wamara, wa mwisho katika wafalme Wachwezi, wale nusu watu nusu mizimu waliotoweka ghafla, na kwamba mamake, Njunaki, alikuwa kijakazi. Basi hata huku mwanzo wa nasaba ya kifalme umewekwa juu ya mtu wa utumwani, kama ule wa Ghazna. Washairi wa nchi mbalimbali wameipenda sana habari hii ya mtoto wa mjakazi anayekuja kukaa juu ya vichwa vya waungwana.

Je, ushindi wa Ruhinda ulikuwaje hasa? Mtu aliyelelewa kwa visa vya vita vya Kituruki atatafuta kambi, mishale na ukuta uliobomolewa. Hataviona. Atakachokiona ni ng'ombe. Katika nchi za maziwa makuu mwenye ng'ombe wengi alimpa asiye nao jike mmoja amchunge na anywe maziwa yake, na aliyepewa akawa mtu wake, yeye na wanawe. Mkulima naye alitoa ndizi, pombe na nguvu za mikono, akapata ulinzi na heshima ya kuwa mtu wa fulani. Nyumba zikaoana, na mizimu ya walioshindwa ikaendelea kutambikiwa. Mambo hayo hayakumalizika kwa siku moja ya mapigano. Yalikwenda kwa vizazi, na mwishowe hapana aliyeweza kusema ni asubuhi ipi nchi iliamka ikiwa ya Wahinda.

Alama ya utawala ilikuwa ngoma. Katika Runyambo na lugha jirani zake *engoma* ni ngoma ya kupigwa na pia ni ufalme wenyewe, na anayetawazwa husemwa "ameila" ngoma. Msomaji wa visiwani hana haja ya kufafanuliwa. Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na ngoma zake na siwa yake pale Dunga, Pate ilikuwa na siwa ya pembe na Lamu ina siwa ya shaba, na asiyekuwa na vitu hivyo hakuwa na haki ya kuitwa mkuu hata akiwa na watu elfu. Ni fikra moja kutoka kisiwani hadi kilimani, na haikuhitaji msafara kuisafirisha.

Kwa ngoma hiyohiyo mjukuu wa mbali wa Ruhinda alithibitishwa katikati ya karne ya 19. Mfalme Ndagara alipofariki, mnamo miaka ya 1850, wanawe waligombania urithi. John Hanning Speke, aliyefika miaka michache baadaye, alisimuliwa kwamba ngoma ndogo iliwekwa mbele ya wana wa mfalme, ngoma isiyokuwa na uzito wowote, lakini iliyotiwa dawa hata asiyestahili asiweze kuiinua. Ndugu walijaribu wakashindwa. Rumanika akaiinua kwa kidole chake cha mwisho. Baada ya hapo aliketishwa juu ya ardhi mahali maalumu, na ardhi ikamwinua hadi usawa wa mbingu, kisha ikamshusha taratibu. Lau asingekuwa mwenye haki, ingemwangusha akapasuka. Ndivyo alivyosimuliwa Speke. Yaliyokwenda pamoja na miujiza hiyo yalikuwa ya kawaida zaidi: nduguye Rogero hakukubali akashika silaha, na wafanyabiashara wa misafara, akiwamo Mhindi Musa Mzuri wa Kaze, ambayo leo ni Tabora, wakaegemea upande wa Rumanika. Kidole cha mwisho kilisaidiwa na bunduki za pwani.

Ndagara mwenyewe anastahili kutazamwa kwa makini, kwani ndiye aliyewafungulia watu wa pwani mlango wa Karagwe, na ndiye ambaye jina lake limeshikamana na chuma. Katika mji wa kifalme wa Bweranyange ilikuwapo hazina ambayo Stanley aliiona mwaka 1876 katika nyumba ya mviringo: mikuki ya namna kwa namna, mabata ya shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, na kazi nyingine za chuma zilizofuliwa kwa ustadi. Miongoni mwa vitu vya kifalme vya Karagwe wamo ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda, wembamba hata wafanana na mwandiko. Ziko pia fuawe na nyundo. Mfalme wa Karagwe alikuwa mchungaji, na wakati huohuo alikuwa mhunzi, angalau kwa ishara. Chuma kilikuwa kazi ya wakulima na ng'ombe walikuwa fahari ya Wahima. Ng'ombe wa chuma ni nchi mbili zilizoyeyushwa katika tanuri moja. Kama Ruhinda ana utenzi popote, basi uko katika pembe hizo.

Hata kifo cha mfalme kilikuwa na mpango wa kishairi. Speke aliambiwa kuwa maiti ya Ndagara ilishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikawekwa katika mtumbwi uliosukumwa ziwani, ikaachwa siku tatu hadi ikaota mabuu. Mabuu matatu yakachukuliwa yakapelekwa kwa mrithi. Moja likageuka simba, moja chui, na la tatu likawa fimbo. Mzungu aliyaandika hayo kwa tabasamu la dharau. Hakutambua kuwa alikuwa akifunzwa katiba ya nchi, kwani vitu hivyo vitatu vilieleza yote yaliyotakiwa kwa mtawala, nguvu, ujanja na uchungaji.

Speke na mwenziwe James Grant walifika kwa Rumanika tarehe 25 Novemba 1861. Kila mtawala waliyempitia kabla alikuwa amewatoza hongo hadi wakachoka, ilhali Rumanika aliwapa mkono, akawakalisha, akawauliza habari za dunia: mataifa na wafalme wao, ardhi na jua, na namna Wazungu walivyojua njia mahali wasipopata kufika. Speke alimsifu kwa urefu wa kimo, uzuri wa uso na upole wa maneno. Naye mgeni huyohuyo hakuona haya kuchukua kamba na kumpima unene mke wa ndugu yake mfalme, aliyenoneshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa desturi, kisha akavichapisha vipimo hivyo vikasomwa London. Januari 1862 Speke akaelekea Buganda. Grant, aliyekuwa na donda baya la mguu, akabaki katika hifadhi ya Rumanika hadi Aprili. Asiye na nguvu za kusimama alilishwa na kulindwa miezi kadhaa na mtu ambaye hakutarajia kumwona tena.

Hapa yafaa kusimama kidogo, hasa kwa mwenye kuzoea kazi ya tafsiri. Mazungumzo ya Rumanika na Speke yalipitia wapi? Watu wa nchi hiyo walisema Runyambo. Kutoka humo maneno yaliingia katika Kiswahili. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akaishi Bara Hindi kabla ya kurejea Afrika, aliyachukua akamweleza bwana wake kwa Kihindustani, nacho Speke alikijua kwa kiwango cha askari wa jeshi la Uingereza huko India. Mwisho Speke akayaandika kwa Kiingereza. Ndimi nne, na Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja. Kila mpito una kodi yake. Neno *engoma* likitoka kama "ngoma" lafika salama kwa sauti, lakini ufalme uliomo ndani yake umeshadondoka njiani.

Pamoja na hayo, ni katika safari hiyo ndipo Speke alipojenga fikra iliyokuja kuishi muda mrefu kuliko jina lake. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863 aliweka sura nzima ya nadharia ya watu wa daraja la juu kuwateka watu wa daraja la chini. Kwa nadharia hiyo, Wahima na Wahinda hawakuwa watu wa hapa. Walikuwa wametoka Uhabeshi, na kwa kupitia huko wakaunganishwa na mataifa ya Biblia. Wakulima ndio waliokuwa wenyeji, nao wametekwa kwa sababu walistahili kutekwa. Rumanika mwenyewe aliambiwa kuwa ni wa ukoo wa Mfalme Daudi. Ni mfalme gani mwungwana angemkatalia mgeni wake heshima kama hiyo?

Nadharia hiyo haikuletwa na masimulizi ya Karagwe, ingawa iliyatumia. Masimulizi yalisema Ruhinda alikuja. Hayakusema kuwa alikuwa kiumbe cha namna nyingine. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni lugha. Waturuki walipoingia Anatolia, Kituruki kiliifunika nchi hatua kwa hatua, hata leo mkulima wa huko ambaye babu zake walisema Kigiriki au Kiarmenia hulala na kuamka katika lugha ya walioshinda. Je, iko wapi lugha ya kigeni ya Wahinda? Mchungaji na mkulima wa Karagwe wana Runyambo moja, lugha ya Kibantu toka mzizi hadi jani, na majina ya wafalme ni ya lugha hiyohiyo. Watekaji waliotoka mbali kiasi hicho wasingesahau hata neno moja la kumtukania mtumishi.

Wala elimu ya chuma haikumngoja mtu kutoka kaskazini. Uchunguzi wa wanaakiolojia katika nchi ya Wahaya, hasa Kemondo karibu na Bukoba, umeonyesha kuwa chuma kiliyeyushwa huko yapata miaka 2000 iliyopita, kwa matanuri yenye joto kali na ufundi wa hali ya juu. Ruhinda alipokuja na ng'ombe wake, nyundo zilikuwa zimekwisha kulia vilimani kwa zaidi ya miaka 1000.

Al-Biruni alifuatana na majeshi ya Mahmud hadi Bara Hindi. Alijifunza Kisanskrit, akakaa na wanavyuoni wa Kihindi, akaandika kitabu kinachosomwa hadi leo kwa uadilifu wake juu ya watu ambao sultani wake alikuwa akiwapora. Karagwe ilimpata Speke, aliyekaa wiki sita, akaondoka na nasaba aliyokuja nayo kichwani.

Nasaba hiyo iliokotwa na wengi. Maofisa wa Kijerumani na baadaye wa Kiingereza, waliposhika nchi za maziwa, walipenda kuamini kuwa wamewakuta watu waliozaliwa kutawala, na wakatawala kwa mgongo wao. Ng'ambo ya mto, katika Rwanda, Wabelgiji waliifanya fikra hiyo kuwa sheria: katika miaka ya 1930 kila mtu aliandikwa kabila lake katika kitambulisho, na fikra kwamba Mtutsi ni mgeni kutoka Uhabeshi ikaanza kwa kumpandisha cheo na ikaishia kwa kumhukumu kifo. Ingekuwa uonevu kuitwika maandishi ya Speke peke yake damu ya mwaka 1994, maana waliochinja walikuwa na akili zao na mapanga yao. Lakini mwaka huo wauaji waliitupa mitoni miili ya waliouawa kwa kosa la kuitwa wageni, na mto Kagera, ule unaoizunguka Karagwe, ukaichukua hadi Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na kambi za wakimbizi zikaenea hadi ndani ya Karagwe. Wenyeji waliokuwa wamesimuliwa na mabibi zao kuwa Ruhinda alikuja akakaribishwa, wakajikuta nao wakikaribisha.

Ufalme wa Karagwe wakati huo ulikuwa umekwisha. Rumanika alifariki miaka michache baada ya ziara ya Stanley. Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pwani karibu na mji wake, ambako pembe ziliuzwa na wanadamu pia, kiliona faida yake na mwisho wake. Watu wa pwani hawana budi kuyakumbuka yote mawili. Warithi waligombana. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka, ikaua ng'ombe wa nchi zote za maziwa, na ufalme uliofungwa kwa kamba ya maziwa ukalegea fundo kwa fundo. Mwaka 1890 Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba. Wahinda wakawa watemi chini ya dola za kigeni, na baada ya uhuru, mwaka 1963, sheria ikauondoa utemi katika Tanganyika nzima.

Mwaka 2019 serikali ilizipandisha hadhi hifadhi za eneo hilo kuwa hifadhi za taifa. Moja inaitwa Ibanda-Kyerwa. Nyingine, katika vilima vilevile alikokaa mfalme aliyeinua ngoma kwa kidole, inaitwa Rumanyika-Karagwe, na jina lake limeandikwa kama wenyeji wanavyolitamka, si kama Speke alivyolisikia.